Mtarudi Lini?

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dodoma tulipopakiwa kwenye basi, Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, kwenda kijiji kimoja upande wa Mvumi. Tulikuwa kama thelathini. Fulana za rangi moja, bango, katoni nne za sabuni, na kibuyu chirizi cha mfano tulichokitengeneza kwa dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyagia. Tulikwenda kufundisha kunawa uso ili watoto wasipate vikope. Mvua zilikuwa hazijakatika, uwele umefika kifuani, makorongo yana maji, na nchi yote ilikuwa kijani kiasi kwamba mwenzetu mmoja kutoka Bukoba alisema Dodoma inasingiziwa tu ukame.

Mimi ndiye niliyesukumwa mbele kueleza, kwa sababu nilikuwa na sauti. Nikaeleza habari za nzi na tongotongo, na jinsi kope zinavyojikunja kwa ndani na kukwaruza jicho mpaka mtu anapofuka. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa amekaa chini kivulini, miguu ameinyoosha, akasema, "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Mtarudi lini?" Nikamjibu tutarudi, Mungu akipenda. Akatikisa kichwa. "Njooni mwezi wa tisa. Ndipo mtufundishe kunawa."

Watu walicheka, na sisi tukacheka nao bila kujua tunacheka nini. Tukagawa sabuni, tukapiga picha, saa kumi tukaondoka. Njiani tuliimba. Nilijisikia mtu mwema, na hisia ile ilikuwa ya kweli. Sitaki kuidharau leo. Lakini kufika Jumatatu ilikuwa imekwisha, na swali la bibi lilikuwa bado lipo.

Vyuo vyetu husema kwamba kazi za kujitolea humjengea mwanafunzi maadili na kujiamini. Nimeishi na jambo hili miaka mingi, kwanza nikiwa mwanafunzi, baadaye nikiwasindikiza wanafunzi vijijini, na naamini madai hayo ni ya kweli kwa sharti moja. Kinachomjenga kijana ni kurudi: kwenda mahali pale pale, kwa watu wale wale, mpaka wamjue kwa jina, wamkumbushe alichoahidi na wamsahihishe alipokosea. Safari ya kwanza humpa hisia nzuri. Mengine yote hutoka kwenye safari ya pili na ya tatu, zile zisizo na bango.

Neno lenyewe linalisema hili kwa sarufi yake. Mtu akijitoa, huenda amejitoa kwenye chama, kwenye mchango au kwenye mashindano; ameondoka. Ongeza kile kiambishi kidogo cha kutendea, upate kujitolea, na mara moja neno linadai mtu wa pili: kwa nani? Kwa ajili ya nani? Hakuna kujitolea hewani. Na huyo mtu wa pili, tunayemwita "jamii" kwenye ripoti zetu, ana jina, ana shamba, ana maoni yake juu yetu. Wazee walishalipima jambo hili waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Safari nyingi za wanafunzi huishia siku ya kwanza ya methali hiyo. Hatufiki kwenye jembe.

Dodoma inafaa sana kulichunguza swali hili, kwa kuwa ni mji wa vyuo uliozungukwa na vijiji vikavu. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilifungua milango 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, kwa mpango wa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kilianza katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilikuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake linatangaza kazi yake. Kuna Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), kuna Chuo cha Madini, na Hombolo kuna chuo cha serikali za mitaa. Nje ya mji, mvua ni kama milimita 600 kwa mwaka au pungufu, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine saba watu wanaishi kwa walichovuna na kwa maji wanayoyafuata mbali.

Umbali kati ya pande hizi mbili ni mdogo kuliko tunavyojifanya. Mwanafunzi wa UDOM anayepanga chumba Ng'hong'onha analala ukuta mmoja na familia ambayo ripoti ya mradi ingeiita "walengwa". Anaweza kukaa miaka mitatu akisalimiana na mama mwenye nyumba siku ya kodi tu, kisha Jumamosi moja akapanda basi kwenda kilomita hamsini kuitafuta jamii.

Wengi wa vijana hawa wanatoka mbali, Kagera, Kilimanjaro, Mbeya, Pemba, na wanafika na ule utani wa kuwaita Wagogo ombaomba. Utani huo umeota juu ya maumivu. Ugogo imepigwa na njaa mara nyingi, na inayokumbukwa kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma. Hilo halimo kwenye utani. Nimemwona kijana wa fildi (mafunzo kwa vitendo) akilala wiki tatu kwa mwenyeji ambaye kila jioni alipima unga wa mtama kwa kikombe kimoja cha bati kilichobonyea ubavuni, asizidishe wala asipunguze, akijua kihenge kinatakiwa kifike mavuno. Siku ya kuondoka kijana hakuniambia kwamba amejifunza huruma. Aliniambia, "Yule mama anajua hesabu kuliko mimi niliyekuja kumfundisha bajeti." Sijamsikia tena akirudia ule utani.

Hapo naona maadili yakibadilika kweli. Huruma ni rahisi, na kijana huja nayo kutoka nyumbani. Kanisa na msikiti vimeshamfundisha. Heshima kwa mtu maskini ni ngumu zaidi, kwa sababu inataka umwone akifanya jambo usiloliweza. Ziara ya saa tatu haiwezi kuionyesha. Mgeni hukalishwa kwenye kiti kizuri, hupikiwa kuku, hupewa hotuba ya mwenyekiti wa kijiji. Mgeni hatumwi. Mwanafunzi atajua amefika kwa watu siku atakapoambiwa na mama wa nyumba, bila kuombwa radhi, "Hebu kimbia dukani ulete chumvi." Katika malezi yetu kutumwa ni alama ya kuwa mtoto wa nyumba, na kijana ambaye hajawahi kutumwa na watu anaowahudumia bado anahudumia picha yake mwenyewe.

Tuje kwenye kujiamini, maana hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya wageni havilisemi. Mtoto wa Kitanzania kwa kawaida huanza kufundishwa kwa Kiingereza kidato cha kwanza. Akifika chuoni ameshakaa miaka sita akijifunza kunyamaza darasani, kwa sababu anayenyamaza hachekwi. Anajua maana za maneno kwa kukariri, anazitapika kwenye mtihani, anafaulu, na ndani yake amebaki na shaka kama kweli anajua. Mpeleke sasa mbele ya akina mama ishirini aeleze kwa Kiswahili kwa nini mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari. Hana pa kujificha. Kama anajua, wataelewa na watamuuliza swali la maana. Kama alikariri, mama mmoja atamwambia kwa upole, "Rudia tena hapo, mwanangu," na yeye mwenyewe atasikia kwamba hapo pana shimo.

Nimewaona wengi wakirudi kutoka kwenye majaribio ya namna hii wakiwa wamenyooka mgongo. Binti mmoja wa kozi ya lishe, ambaye darasani sauti yake ilikuwa haifiki dawati la tatu, alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema "Mbukwenyi!" Mkutano mzima ukamwitikia kwa kishindo, akaongea dakika arobaini. Salamu ile moja ya Kigogo alikuwa amefundishwa asubuhi na mtoto wa mwenyeji wake. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hujengwa zaidi ya yote na kulifanya jambo mwenyewe akaliweza. Kuwaona wengine wakiliweza na kutiwa moyo kwa maneno husaidia, lakini huja nyuma. Semina zetu za kuwatia vijana moyo zimejaa hayo ya nyuma. Yule binti alipata la kwanza.

Kuna ushahidi mpana zaidi. Mwaka 2000 Alexander Astin na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi 22,236 wa vyuo vya Marekani. Waliofanya kazi za jamii walionekana kusogea mbele katika alama, maadili, uongozi na imani katika uwezo wao, na mengi kati ya hayo yalikuwa bora zaidi pale kazi ilipofungamanishwa na somo darasani na wanafunzi wakapata nafasi ya kuzungumza juu ya walichokiona. Ni lazima tuupokee kwa tahadhari, kwa kuwa anayejitolea mara nyingi alikuwa tayari ni mtu wa aina hiyo kabla hajajitolea, na vyuo vya Marekani si Chimwaga. Lakini hilo la mazungumzo nalishika kwa mikono miwili. Kwetu, basi likirudi kila mtu hushuka kimya kwenda hosteli. Hakuna anayekaa na vijana siku ya pili kuwauliza ni nini kiliwashangaza, nani aliwakatalia, na walijisikiaje.

Na kukataliwa kuna mafunzo kuliko kushangiliwa. Chukua suala la ukeketaji, ambalo wanafunzi wa afya hutumwa mara kwa mara kulizungumzia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–2016 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa Dodoma wa umri wa kuzaa walikuwa wamekeketwa. Sheria inakataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18 tangu 1998. Mwanafunzi anayekwenda na sheria mkononi husikilizwa, hupigiwa makofi, na hakuna kinachobadilika. Asichoambiwa ni habari ya lawalawa: muwasho na maambukizi ya sehemu za siri ya watoto wa kike, ambayo watu wengi wa Kanda ya Kati waliamini tiba yake ni kukata. Watafiti waliozungumza na wazee wameandika kwamba maelezo ya lawalawa yalishika nguvu serikali ilipoanza kuikemea mila yenyewe, na kwamba watu walianza kukeketa watoto wachanga kwa siri. Kwa hiyo karipio linaweza kulisukuma jambo gizani.

Mwanafunzi anayerudi mara ya tatu, akakaa jikoni na mama mmoja, ndiye atakayetajiwa lawalawa. Hapo elimu yake ya chuo inapata kazi kwa mara ya kwanza: anaweza kusema kwamba maambukizi hayo yana jina, yana dawa zahanati, na yanazuilika kwa usafi. Amepata pia fundisho ambalo halimo kwenye mtaala, kwamba mtu anayekukubalia haraka mbele ya watu huenda anakuaga.

Wilaya ya Kongwa ina mfano wa miaka mingi wa kazi ya subira ya namna hii. Utafiti wa vikope ulianza huko katika miaka ya 1980, na mwaka 1995 yakachapishwa matokeo ya jaribio la vijiji sita lililoonyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Mwanzoni ilionekana tatizo ni uhaba wa maji, basi. Watafiti walipokaa na kaya za Kigogo kuuliza maji yanagawanywaje na nani ana sauti juu ya ndoo, wakakuta kwamba watu walidhani uso wa mtoto unataka maji mengi kuliko unavyotaka, na kwamba mama hawezi kubadilisha matumizi ya maji peke yake kama mume na majirani hawajakubali. Ilibidi wazungumze na kijiji kizima. Natamani kila kikundi cha wanafunzi kinachobeba sabuni kisomeshwe habari hii kwanza.

Kalenda nayo inatuumiza. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba na kuishia Julai. Mvua huanza Desemba. Kwa hiyo wanafunzi wa Dodoma wanavijua vijiji vya kijani. Mwezi wa Agosti, upepo unapopiga vumbi jekundu mpaka jua linafifia, hosteli ni tupu. Ukiona kundi la vijana wakipanda miche mwezi wa kwanza, jua kwamba miezi sita baadaye, miche itakapokuwa na kiu kweli, waliopanda watakuwa Tanga, Songea na Mwanza kwa wazazi wao. Tangu ilipozinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani mwaka 2017, miche mingi imepandwa kwa mikono ya wanafunzi, na mara nyingi nimemkuta mlinzi au mama lishe ndiye anayemwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Yeye hakupewa fulana.

Ndiyo maana napenda kuwapeleka vijana kwa wakulima wanaofanya Kisiki Hai, njia inayosambazwa mkoani na LEAD Foundation ya Mpwapwa. Hakuna mche unaonunuliwa. Mkulima anatafuta kisiki kilichokatwa zamani ambacho mizizi yake ingali hai chini, anachagua machipukizi machache yenye nguvu, anapogoa mengine, anafunga kitambaa kama alama, kisha anakilinda kisiliwe na mbuzi. Kazi ngumu ni hiyo ya mwisho, na ni ya miaka. Mwanafunzi aliyezoea kupanda na kupigwa picha hukosa la kufanya pale. Anasimama na panga lake dogo mbele ya kichaka ambacho angekiita pori, mzee anamwonyesha kwamba ule ni msitu unaosubiri kuachwa ukue. Nimeona nyuso zikibadilika mbele ya kisiki.

Je, vijana walazimishwe? Swali hili lina historia ndefu kwetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na mwaka 1966 serikali ikaamua wahitimu watumikie miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga, wengine na mabango yaliyosema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitano baadaye likatoka andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza, apimwe na watu anaofanya nao kazi, ndipo aende chuo kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa miaka ya 1980, na JKT ya lazima kwa wasomi ikasimama 1994 hadi iliporudishwa 2013. Leo makao makuu ya JKT yako Chamwino, na vijana wa kidato cha sita wanaofika kambi ya Makutupora kwa mujibu wa sheria hukaa miezi mitatu.

Wazee waliopitia JKT ya zamani huizungumzia kwa macho yanayong'aa: mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga ng'ombe wakilala hanga moja, wakila maharage yale yale. Nawaamini. Kuvunja matabaka ni kazi ambayo hiari haiiwezi vizuri, kwa sababu kwa hiari kila mtu huenda na rafiki zake. Lakini lazima ina mpaka wake. Stukas, Snyder na Clary walichapisha mwaka 1999 utafiti ulioonyesha kwamba mwanafunzi anayehisi kazi ya kujitolea amesukumiwa kwa nguvu anaweza kupungukiwa na hamu ya kujitolea baadaye. Uhabeshi nako kuna funzo la aina nyingine: kuanzia 1964 chuo kikuu cha Addis Ababa kiliwapeleka wanafunzi wake mikoani kwa mwaka mzima, wengi wao kama walimu. Waliuona umaskini na dhuluma ya ardhi kwa macho yao, na wengi wakarudi wakiwa wakosoaji wakali wa utawala ule ule wa kifalme uliowatuma. Huduma ilikuwa imebadilisha maadili yao kweli, kuelekea upande ambao mfalme hakuutaka. Anayetaka vijana watumike vijijini lazima awe tayari kuyasikia watakayorudi nayo.

Msimamo wangu ni kwamba lazima ifike mlangoni tu. Chuo kiweke huduma ndani ya kozi, kiipe alama na muda, kila mwanafunzi aende. Akishafika, achague mwenyewe kazi na mtu wa kufanya naye, na aruhusiwe kuandika kwamba mradi haufai.

Kuna jeraha ambalo siwezi kulipita. Kwa vijana wengi waliohitimu, neno kujitolea limegeuka kuwa jina la kungoja ajira. Mwalimu mwenye shahada anafundisha hesabu shule ya kata mwaka wa nne sasa, analipwa posho ya michango ya wazazi inapopatikana, anaambiwa anajitolea. Huyu hajachagua kitu. Anashikilia kamba asianguke. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anamwona kaka yake katika hali hiyo, kisha chuo kinamwambia kujitolea ni uzalendo, tusishangae akisita. Na wanafunzi wetu wengi wenyewe si watu wa kutoa kutoka kwenye ziada. Wanaishi kwa bumu la Bodi ya Mikopo, likichelewa wanakula mlo mmoja. Wapo wanaogawa sabuni kijijini huku mama zao nyumbani wanahitaji sabuni ile ile. Hao nimewaona mara nyingi ndio wanaofanya vizuri kuliko wote, kwa sababu hawashangai wanachokiona na hawaongei na watu kwa sauti ya redio. Lakini tuwalipie nauli na chakula. Ni aibu kumjengea kijana maadili kwa kumlaza njaa.

Ninachoomba vyuo vifanye hakihitaji fedha nyingi. Kila idara ichague kijiji kimoja au mtaa mmoja, hata huo huo wa Ng'hong'onha, ikae nacho miaka kumi. Mtendaji wa kijiji atunze daftari ambalo kila kundi litaandika liliahidi nini, na kundi linalofuata lianze kwa kulisoma mbele ya watu. Fildi zipangwe ili wachache wawepo Agosti na Septemba. Wanafunzi wa Mipango, wa afya na wa elimu waende pamoja, maana mama mwenye mtoto wa vikope ndiye huyo huyo mwenye shamba lililoliwa na korongo na binti aliyeacha shule.

Mwaka ule fildi yangu ilinibakiza Dodoma. Mwezi wa tisa nilikuwa ofisini mjini nikipanga mafaili, na swali la bibi halikuniacha. Tukapanda daladala wawili, mimi na yule wa Bukoba, kisha tukatembea. Ardhi niliyoiacha kijani ilikuwa rangi ya majivu, mibuyu imesimama bila jani. Bibi hatukumkuta nyumbani. Tulielekezwa mtoni, na mto ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati palikuwa na mashimo, na ndani ya shimo moja alikuwa mwanamke amezama mpaka mabegani, anachota kwa kata maji yanayotoka taratibu chini, yenye rangi ya chai ya maziwa. Anachota kata moja, anasubiri, anachota nyingine. Bibi alikuwa ukingoni anangoja zamu yake, madumu mawili pembeni.

Alitutazama muda mrefu. Hakusema asante kwa kuja, wala hakuuliza tumeleta nini. "Mwezi wa tisa," alisema. Zamu yake ilipofika akanipa kata, akaniambia, "Ingia."

Ilinichukua karibu saa nzima kujaza madumu mawili. Nyumbani aliyagawa maji mbele yetu bila kuongea: haya ya ugali na mlenda, haya ya kunywa, haya ya mwanambuzi aliyefungwa kwenye mti. Kisha akamvuta kwa mkono mjukuu wake wa miaka minne, nzi wawili kwenye pembe za macho, akamsimamisha mbele yangu. Nikachota nusu kata. Nikalowesha kiganja, nikamsafisha mtoto jicho moja, kisha la pili, kisha pua. Maji yalibaki. Bibi akachungulia ndani ya kata, akachungulia uso wa mtoto, akaichukua ile kata mkononi mwangu na kuyarudisha maji yaliyobaki kwenye chungu.

"Haya," alisema. "Sasa nenda kaniletee kuni, ziko nyuma ya zizi."